Siku 104 za korona bado zimo kwenye madaftari: kulipima na kulifukia pengo katika sekondari za Kigoma

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, za msingi na za sekondari. Tangazo lilitaja siku 30. Siku 30 zikaisha, milango ikabaki imefungwa. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wakaanza mtihani wao Juni 29, na siku hiyohiyo ndipo madarasa mengine yalipofunguliwa. Kutoka Machi 17 hadi Juni 29 ni siku 104.

Haya nayaandika kwa walimu wa shule za kata mkoani Kigoma, na kwa wazazi walio kwenye bodi za shule hizo. Hoja ni moja: pengo la korona tumekuwa tukilitafuta mahali lisipokuwepo. Tunahesabu mada zilizorukwa, tunazipitia mbiombio, tunasema silabasi imeisha. Pengo lenyewe limekaa chini ya hizo mada, kwenye sehemu na namba hasi, kwenye Kiingereza cha kidato cha kwanza, kwenye mazoea ya kukaa na daftari. Na wenye pengo hawajaisha shuleni. Aliyekuwa darasa la pili mwaka 2020, akiwa bado anaunga silabi, hesabu yake inamfikisha kidato cha kwanza Januari 2026. Wa darasa la kwanza, Januari 2027.

Karatasi zilisema mambo shwari

Tuipige hesabu, maana watu hubishana bila kuipiga. Katika siku 104 ondoa likizo ambazo zingekuwepo hata bila ugonjwa, ya Pasaka na ya Juni. Zinabaki kama wiki 10 za kufundisha. Somo lenye vipindi 5 kwa wiki lilipoteza vipindi 50 vya dakika 40, yaani saa 33 na ushei. Shule zilipofunguliwa ziliagizwa kuongeza muda wa masomo kila siku. Chukua shule iliyoongeza saa 2: hivyo ni vipindi 3 kwa siku. Kutoka Juni 29 hadi mtihani wa kidato cha nne ulipoanza Novemba 23 kulikuwa na wiki 21, sawa na siku 105 za shule. Mara 3, vipindi 315. Gawanya kwa masomo 9, kila somo linapata 35.

Kwa hiyo kwenye ratiba, vipindi 35 kati ya 50 vilirudi, na wiki za Julai ambazo kwa kawaida ni likizo zikaongeza vingine. Ofisi nyingi za taaluma zilifunga mjadala hapo.

Lakini ratiba haitembei kilomita 7 kurudi nyumbani. Vipindi vilivyoongezwa viliwekwa mwisho wa siku, saa 9 hadi saa 11 jioni, kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa wamekula tangu asubuhi. Mwalimu mmoja wa hesabu au fizikia anayebeba vidato vitatu hawezi kuwa vyumba vitatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kipindi kilichoandikwa "Hesabu" kikawa cha kunakili notsi. Na hata pale mwalimu alipokuwepo, wiki 10 za kusahau haziondolewi na kipindi cha ziada cha mada mpya. Hapo ndipo kosa kubwa lilipofanyika: muda wa fidia ulitumika kusonga mbele.

Matokeo nayo yakatuliza. Ufaulu wa kidato cha nne kitaifa ulikuwa asilimia 80.65 mwaka 2019, na mwaka 2020, mwaka wa korona, ukapanda hadi asilimia 85.84. Anayetaka kusema hakukuwa na madhara ana namba ya kuonyesha. Ila namba hiyo inapima nini? D inaanzia alama 30. Mwanafunzi mwenye D mbili na F tano katika masomo yake saba bora ana pointi 33, na pointi 33 ni daraja la nne, naye anahesabiwa amefaulu. Pia wanaohesabiwa ni waliokaa kwenye chumba cha mtihani. Kijana aliyebaki kwenye mtumbwi na binti aliyebaki na mtoto hawamo, si juu ya mstari wala chini yake.

Nani alipoteza nini

Kila kidato kiliumia mahali pake, na mwalimu asipojua mahali hapo atafundisha hewa.

Kidato cha kwanza cha 2020 ndicho ninachokihesabu kuwa kiliumia zaidi. Kilianza Januari, kikapata takriban wiki 10, na sehemu kubwa ya wiki hizo ilikuwa kozi ya kuvuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mtoto wa Buhigwe au wa Kasulu vijijini anaongea Kiha nyumbani, Kiswahili uwanjani, na Kiingereza anakutana nacho ubaoni peke yake. Ubao ukiondoka siku 104, lugha hiyo inaondoka nzima. Aliporudi Juni 29 hakurudishwa kwenye kozi ya lugha. Aliwekwa moja kwa moja kwenye biolojia na jiografia kwa Kiingereza. Alichofanya ni kile ambacho mwalimu yeyote anakiona hadi leo: kukariri sentensi nzima bila kujua neno lipi ni kitenzi. Ukigeuza swali kidogo tu, kimya.

Kidato cha pili kiliumia kwa mpangilio. Upimaji wao wa kitaifa ulikuwa Novemba 9, wiki mbili kabla ya kidato cha nne, kwa hiyo mada za mwisho wa mwaka zilibanwa zaidi. Katika kemia ya silabasi ya wakati ule, mada hizo za mwisho ni muundo wa atomu, jedwali la elementi, valensi na uandishi wa fomula. Sasa mfuate mwanafunzi huyo kidato cha tatu. Anafundishwa kusawazisha milinganyo, kisha hesabu za moli. Anaandika oksidi ya aluminiamu kama AlO, mwalimu anasahihisha kuwa Al₂O₃, naye ananakili bila kujua 2 na 3 zimetoka wapi. Kila hesabu ya moli inayofuata inakosewa mstari wa kwanza, na mwalimu anaandika pembeni "ongeza juhudi". Juhudi haihusiki hapo. Alikosa valensi. Kinachotakiwa ni vipindi 4 vya kurudi nyuma: cha kwanza valensi za elementi 20 za mwanzo, cha pili ioni zenye elementi zaidi ya moja kama salfeti na naitreti, cha tatu kuvusha valensi kuandika fomula, cha nne kusawazisha. Ukiruka cha pili, cha nne hakitasimama.

Kidato cha nne kilipata kipaumbele cha kila kitu, walimu, kambi na vitabu, kwa hiyo sitakaa hapo. Kidato cha sita walipoteza kiasi, lakini wengi walikuwa wameshamaliza mada.

Na vipindi vya redioni? Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa masomo yakarushwa redioni na kwenye televisheni, TBC ikiwamo. Kazi ilifanyika na inastahili heshima. Kwa Kigoma ilikwama kwa sababu za kawaida kabisa. Mkoa wakati ule ulikuwa bado unategemea jenereta za mafuta, nje ya gridi ya taifa, na vijiji vingi havikuwa na umeme wowote. Redio ilikuwa ya baba, betri za baba. Somo lilipita mara moja tu. Na somo la hesabu linalosikika bila kuonekana linamtaka msikilizaji awe na kitabu mkononi, wakati vitabu vya shule vilikuwa vimefungiwa stoo kwa sababu tangazo lilikuja ghafla na hakuna aliyeviazimisha. Hilo la vitabu linaniuma kuliko yote, maana lilikuwa mikononi mwetu.

Ongeza majira. Machi hadi Juni huku milimani ni palizi na uvunaji wa maharage, kisha kahawa. Kando ya ziwa dagaa hawajui korona. Mzazi hakumtuma mtoto kwa ubaya. Mtoto alikuwepo, kazi ilikuwepo.

Kulipima pengo

Usitumie mtihani wa muhula. Mtihani wa muhula unakwambia mwanafunzi amepata 18, haukwambii amekwama wapi. Tengeneza karatasi ya ngazi. Kwa hesabu inatosha maswali 20, matano kwa kila ngazi, dakika 60, bila kikokotoo, na nafasi ya kuonyesha njia chini ya kila swali.

Ngazi ya kwanza ni namba nzima: 403 − 178, 36 × 24, 1,035 ÷ 9. Ngazi ya pili ni sehemu, desimali na asilimia: 3/4 + 2/5, 0.6 × 0.3, asilimia 15 ya 4,000. Ngazi ya tatu ni namba hasi na herufi: −7 − (−3), 2x + 5 = 17, kufungua mabano ya 3(x − 2). Ngazi ya nne ni vipeo na kutafuta vigawo: 2³ × 2⁴, x² + 5x + 6. Ongeza mengine ya aina hiyohiyo mpaka yafike matano kila ngazi.

Usahihishaji wake ni tofauti na mliouzoea. Hakuna jumla. Aliyepata 4 au 5 amevuka ngazi. Aliyepata 3 kushuka chini amekwama hapo, na hiyo ndiyo ngazi yake, hata kama ameotea mawili ya juu. Kwenye orodha andika ngazi tu. Kwa wanafunzi 120 walimu wawili wanamaliza jioni moja. Karatasi moja pande mbili kwa kila mwanafunzi, ina maana rimu moja inatosha shule ya wanafunzi 500. Kama hakuna mashine ya kudurufu, andika ubaoni seti mbili, wa madawati ya kushoto wafanye ya kwanza na wa kulia ya pili, namba zikibadilishwa kidogo.

Kisha soma makosa, maana kosa linaeleza zaidi ya jibu sahihi. Anayeandika 403 − 178 = 375 anatoa ndogo kwenye kubwa kila safu: 4 toa 1, 7 toa 0, 8 toa 3. Hajui kukopa. Anayeandika 3/4 + 2/5 = 5/9 anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini; haoni sehemu kuwa ni kiasi, anaona namba nne zilizopangwa. Jibu ni 23/20, zaidi ya kimoja kizima, na ukimuuliza iwapo zaidi ya nusu ukijumlisha na karibu nusu inaweza kuwa 5/9, mara nyingi anajishtukia mwenyewe. Anayeandika −7 − (−3) = −10 amekariri "hasi na hasi" bila kujua ni za wapi. Anayeandika 2³ × 2⁴ = 4⁷ amezidisha vizio, na wa 2¹² amezidisha vipeo; hawa wawili wanaonekana sawa kwenye alama, wote sifuri, lakini dawa zao ni mbili tofauti.

Swali moja la maneno liwekwe mwisho, lisilohesabiwa kwenye ngazi. Mfano: mawese lita 5 yanajazwa kwenye chupa za robo tatu lita; zitajaa chupa ngapi, na yatabaki kiasi gani? 5 ÷ 3/4 ni 6 na 2/3. Chupa 6 zinajaa. Wengi wataandika zinabaki lita 2/3. Si kweli: ni 2/3 ya chupa, na 2/3 ya robo tatu lita ni nusu lita. Hakikisha: chupa 6 ni lita 4.5, ikibaki 0.5. Swali hili linamtenga anayekokotoa na anayeelewa, na mtoto aliyekua akimsaidia mama yake sokoni anaweza kukushangaza.

Kwa lugha, chukua aya moja ya maneno 80 hivi kutoka kitabu cha kidato cha kwanza. Mwanafunzi asome kwa sauti dakika moja, mwalimu ahesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Halafu maswali matano juu ya aya hiyo, naye aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili. Hapa ndipo penye siri. Akijibu vizuri kwa Kiswahili lakini hawezi kuandika kwa Kiingereza, tatizo ni kuandika. Akisoma vizuri kwa sauti lakini hajui aya imesema nini, tatizo ni msamiati. Akikwama kwenye kusoma kwenyewe, mpe aya ya Kiswahili; akikwama na huko, basi ni KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) ya darasa la kwanza na la pili, na hakuna kipindi cha biolojia kitakachomsaidia mpaka hilo lishughulikiwe.

Siku ya kupima ichaguliwe kwa akili. Kwa shule za mwambao, angalia mwezi: wakati wa giza wavuvi wanaingia ziwani na vijana wengi wanaamka wamechoka au hawaji kabisa, mbalamwezi ikikaa, wapo. Huku juu, epuka wiki za kuvuna maharage. Ukipima siku ambayo theluthi moja hawapo, unawakosa haohao wenye pengo.

Kulifukia

Dakika 30 kwa siku, siku 4 kwa wiki, wiki 6. Ni vikao 24, saa 12 tu. Mtu atasema saa 12 haziwezi kuziba saa 33. Zinaweza, kwa sababu hatufundishi upya saa zote 33. Tunafundisha ngazi moja aliyokwama mwanafunzi huyu.

Wanafunzi wapangwe kwa ngazi, vidato vichanganywe. Wa kidato cha tatu aliyekwama ngazi ya pili akae na wa kidato cha kwanza wa ngazi ya pili. Hapo vyumba vinahitajika, na hapa kuna jambo la kushukuru: fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) za mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, pamoja na kazi nyingine zilijenga vyumba 15,000 nchini, 12,000 vikiwa vya sekondari. Shule nyingi za kata zimebaki na chumba au viwili vyenye nafasi asubuhi. Vitumike.

Asubuhi, nasema. Kabla ya kipindi cha kwanza, usafi ukipunguzwa, au mara baada ya mstarini. Jioni haifai kwa sababu nilizokwisha kuzitaja.

Kikao cha dakika 30 kigawanywe hivi. Dakika 5 za mwanzo, maswali matatu ya jana kwa mdomo. Dakika 10, mwalimu anaandika ubaoni kosa moja lililofanyika jana, bila jina, na kuuliza limeharibika mstari upi. Dakika 10 wanafanya wawiliwawili. Dakika 5 za mwisho, swali moja kwenye kipande cha karatasi, kila mtu peke yake, kinakusanywa mlangoni. Vipande hivyo ndivyo vinavyokupa kosa la kesho. Mwalimu asiyevisoma usiku ule, kikao cha kesho kinageuka hotuba.

Ijumaa ya kila wiki ya pili, maswali matano ya ngazi husika. Aliyepata 4 anapanda kundi siku hiyohiyo, asisubiri wenzake.

Makundi yakizidi watu 40, tafuta viongozi kutoka kidato cha tatu na cha nne waliovuka ngazi zote. Wasifundishe, wasimamie wawiliwawili na kusahihisha. Kuwaachia wafundishe kumeharibu vikundi vingi, kwa sababu kijana anayejua jibu hulitoa haraka, na anayejifunza hukosa nafasi ya kukwama kwanza.

Kwa lugha, kanuni yangu ni: sema kwa Kiswahili, andika kwa Kiingereza. Kila mada mpya maneno 10, yaandikwe kwenye karatasi ya manila ukutani, kila neno na sentensi yake fupi. Mwanafunzi aeleze kwanza kwa Kiswahili kwa nini jani ni la kijani, kisha aandike sentensi mbili za Kiingereza kwa kutumia maneno ya ukutani. Zile shule zenye kibao cha kuvishwa anayezungumza Kiswahili ziache. Kibao hakimfundishi mtu Kiingereza, kinamfundisha kunyamaza, na mwanafunzi aliyenyamaza hapimiki.

Mambo yanayouharibu mpango huu nimeyaona yakijirudia shule hadi shule. La kwanza ni jina. Kundi la ngazi ya kwanza likiitwa "la mbumbumbu" hata mara moja na mwalimu wa zamu, wiki ya pili nusu yao hawaji. Yaiteni kwa majina ya visiwa, ya milima, ya samaki, yoyote, ila si namba wala sifa. La pili ni kumpa mwalimu bora kundi la juu. Anatakiwa ngazi ya pili, kwenye sehemu, kwa sababu hapo ndipo wengi wamekwama na ndipo pagumu kufundisha. La tatu ni kudai mchango. Ukiomba hata shilingi kidogo kwa ajili ya "masomo ya ziada", anayehitaji zaidi ndiye wa kwanza kukosa. Gharama ni rimu na chaki. Ziingizwe kwenye ruzuku ya shule, ambayo kwa sekondari imekuwa ikihesabiwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. La nne ni kupima na kuweka karatasi kabatini. Ikipita wiki bila kikao kuanza, wanafunzi wameshajua ulikuwa mtihani mwingine tu.

Kuhusu chakula, sina la kupamba. Debe la mahindi na maharage kutoka kwa kila mzazi baada ya mavuno, makande saa 6, na mahudhurio ya mchana yanabadilika. Bodi ya shule ijadili hilo Juni, wakati ghala zimejaa, isingoje Januari.

Ambao hawakurudi

Mwaka 2020 binti aliyepata ujauzito shule zikiwa zimefungwa hakuwa na mlango wa kurudia. Utaratibu wa wakati ule ulimwondoa. Tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo, waliojifungua wakiwemo, wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 ukatoka. Kuna wazazi vijijini ambao hadi leo hawajui, na kuna walimu wasiowaambia. Mzazi aende kwa mkuu wa shule na aulizie waraka huo kwa namba yake. Kama umri umekwenda au binti anaona haya kukaa na wadogo, njia ya pili ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kupitia vituo vya elimu mbadala: anasoma, anafanya mtihani wa maarifa, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Karatasi ya ngazi ifanyike na huko, tena huko zaidi.

Vijana wa kiume hawana waraka unaowataja kwa namna hiyo, ingawa "waliokatiza masomo" ni pamoja nao. Aliyeonja fedha ya ziwani au ya bodaboda harudishwi na hotuba. Wanaorudi mara nyingi ni wale waliofuatwa nyumbani ndani ya wiki mbili za kwanza.

Shule ikifungwa tena

Itafungwa. Kipindupindu kipo, ziwa limepanda na kumeza majengo ya mwambao miaka ya karibuni, barabara hukatika masika. Maandalizi ni haya, na yafanyike shule ikiwa wazi.

Kila somo liwe na kitini cha kurasa 10, maswali na majibu nyuma, cha kutosha wiki 3. Kisiwe na mada mpya. Kiwe marudio ya ngazi, kwa sababu mada mpya bila mwalimu ndiyo iliyozikwamisha redio. Viwekwe kwenye sanduku moja ofisi ya taaluma, vimeshadurufiwa. Daftari la kuazimisha vitabu liwe limechorwa mistari tayari, na tangazo likija saa 8 mchana, ifikapo saa 10 vitabu vimetoka stoo. Kitabu kilichochanika mikononi mwa mtoto ni bora kuliko kizima gizani.

Rejesta ya kila darasa iwe na safu tatu za ziada: kijiji na kitongoji, namba ya simu ya mzazi au jirani mwenye simu, na mwanafunzi mwenzake anayekaa karibu. Wanaokaa gheto, yaani vyumba vya kupanga karibu na shule, waandikwe kwao ni wapi hasa, kwa sababu shule ikifungwa gheto linafungwa pia, na mtoto wa Kalya au Buhingu yuko safari ya boti kutoka hapo. Wapangwe watanowatano kwa vitongoji, mara mbili kwa wiki, chini ya mtu mzima mmoja anayejua kusoma.

Mawasiliano yawe ujumbe mfupi wa kawaida unaoingia kwenye simu ndogo ya kitochi, si kundi la WhatsApp. Herufi 160 zinatosha: "KID 2 HESABU. Kitini uk 4, maswali 1-6. Fanyeni J3. Majibu uk 10. Mliokwama swali la 5 nipigieni saa 12 jioni." Jumatatu asubuhi utumwe, Ijumaa uulize nani hakukutana na wenzake.

Siku ya kufunguliwa, mwalimu wa darasa aite majina kwa rejesta hiyo. Siku ya tatu, wasioonekana waandikwe kwa vitongoji, na orodha ifike kwa mtendaji wa kijiji kabla ya Ijumaa, kijana akiwa bado hajapata nafasi ya kudumu kwenye mtumbwi.